Larne hadi Portstewart kwa miguu: uzoefu wangu wa pwani ya Antrim

Barabara ya Pwani ya Antrim, huko Ireland Kaskazini, naipa nyota tatu kati ya tano kwa mtembeaji. Kwa macho ningeipa tano. Causeway Coast Way, njia ya miguu ya kama kilomita 53 inayoanzia Ballycastle, naipa nne na nusu. Wanaopanga safari nzima kwa siku sita au saba wengi humaliza miguu kwenye lami, wakafika kwenye sehemu nzuri wakichechemea.

Barabara ilijengwa kati ya 1832 na 1842 chini ya mhandisi Mskoti, William Bald. Badala ya kupanda na kushuka milima, alilipua majabali ya chokaa, na mawe yaliyoporomoka yakawa msingi wa barabara ukingoni mwa bahari. Ndiyo maana iko karibu tambarare, na ndiyo maana ina kasoro zake: ukuta wa genge kushoto, bahari kulia, nafasi ya mtembeaji kiduchu. Karibu na Minnis, kusini ya Glenarm, udongo wa mfinyanzi ulio mlimani huteleza mvua ikizidi, tope likashuka hadi barabarani. Angalia taarifa za kufungwa kwa barabara asubuhi ileile unayoondoka.

Anzia Larne uelekee kaskazini, usifanye kinyume. Magari huko hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo unatembea kulia ukiyakabili. Ukielekea kaskazini, kulia ni upande wa bahari, na kwenye rasi kama Garron Point unakuwa upande wa nje wa kona, dereva anakuona mapema. Ukielekea kusini unabanwa kwenye genge, ndani ya kona, na gari linakutokea puani. Nje ya vijiji kikomo cha kawaida cha barabara za namna hii ni maili 60 kwa saa, kwa hiyo vaa kizibao cha kung'aa hata mchana.

Kilomita 18 hivi kutoka Larne hadi Glenarm mimi ningepanda basi bila aibu yoyote. Glenarm hadi Cushendall, kupitia Carnlough na Waterfoot, ni kama kilomita 21 zinazostahili jasho. Jumapili mabasi ni machache. Kutoka Cushendun shika kijia cha magari cha Torr: vilima vikali, magari machache, na siku ikiwa safi Uskoti unaiona ng'ambo, kama kilomita 20 tu. Hakuna duka hadi Ballycastle. Beba lita mbili za maji na chakula cha siku nzima.

Baada ya Ballycastle njia hufuata barabara ya magari hadi karibu na Carrick-a-Rede. Kipande hicho pia kina basi, nambari 402. Daraja la kamba la hapo (mita 20 kwa urefu, mita 30 juu ya bahari) linataka tiketi yenye saa maalumu, na upepo ukizidi hufungwa. Si lazima ulivuke ili uendelee.

Panapowakwamisha watu ni White Park Bay. Kwenye ncha zake mbili, upande wa Ballintoy na upande wa Portbraddan, unapita juu ya mawe chini ya genge, na maji yakijaa hapapitiki. Aliyezoea bamvua la Mombasa, linalopita mita tatu, atacheka akiona jedwali: huku tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja na nusu. Asicheke. Mawimbi ya Atlantiki ndiyo yanayofunga njia, hata siku za maji mafu. Ingia ufukweni maji yakiwa bado yanapwa. Majedwali mengine huandikwa kwa saa ya GMT, na kiangazi saa za huku husogezwa mbele, kwa hiyo ongeza saa moja. Mawe meusi yaliyolowa yanateleza kama sabuni. Ng'ombe utakaowakuta mchangani ni wa malisho, wapishe tu.

Dunseverick hadi Giant's Causeway, juu ya magenge, ndiyo kilele cha safari. Teremka kwa Shepherd's Steps, ngazi 162, hadi kwenye nguzo za mawe zipatazo 40,000. Kuzikanyaga ni bure kwa anayefika kwa miguu. Kinacholipiwa ni kituo cha wageni na maegesho.

Viza: Antrim iko chini ya Uingereza. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aliyepata viza ya Jamhuri ya Ireland pekee haruhusiwi kuvuka kuingia huku, ingawa mpakani hutaona kizuizi. Ramani nunua za OSNI, idara ya ramani ya Ireland Kaskazini, za 1:25,000. Kupiga hema popote hakuruhusiwi bila idhini ya mwenye shamba. Juni mwanga hudumu hadi saa nne usiku. Desemba jua huzama saa kumi jioni.

Portstewart haina stesheni ya treni. Panda basi hadi Coleraine, treni ya Belfast utaikuta hapo.