SHA kwa sisi tunaomeza ARV: naipa nyota tatu kati ya tano

Kama una HIV na unajiuliza kuna haja gani ya kulipia SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, na hali dawa za virusi (ARV) ni za bure, jibu langu ni moja: lipa. Mimi ni muuza viazi karai hapa Kisauni, Mombasa, si mtu wa ofisini, na pesa nilizolipa nilizitoa kwenye mtaji.

Kwanza tuelewane. Vidonge vya ARV havilipiwi na SHA. Hata usipolipa ndururu, CCC, yaani kliniki ya HIV, itakupa TLD yako (kidonge cha ARV cha kila siku) bure na kukupima wingi wa virusi, maana gharama hiyo inabebwa na serikali pamoja na wafadhili, Global Fund na PEPFAR ya Marekani. Ndiyo sababu utasikia mtu kwenye foleni akijitapa, "Mimi ni LDL, bima ya nini?" yaani virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Ya nini? Kidonge kinazuia virusi tu. Hakizuii presha, wala hakikukingi na bodaboda ya pale Kongowea. Mimi kilichonilaza ni homa ya mapafu, na virusi havikuwa vikionekana kabisa. Kitanda, sindano, eksirei, vyote SHA ikalipa. Mfukoni nilitoa pesa ya uji na nauli ya dada yangu. Mama wa kitanda cha pili hakuwa amelipia. Alipopata nafuu alibaki palepale akingoja wanawe wapitishe mchango kwa WhatsApp.

Kujiandikisha ni rahisi, *147# na kitambulisho. Utaulizwa habari za nyumba na mapato, ndipo ukadiriwe mchango wako. Hali yangu ya HIV sikuulizwa. Na ukishajiandikisha tu, zahanati na kituo cha afya unatibiwa bila malipo, hata kama mchango hujatoa. Presha yangu naipimia huko.

Nyota ya kwanza nimewanyima kwa sababu ya malipo ya mwaka mzima. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata haioni ikitoka. Sisi wa vibarua kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini zinatakiwa kwa mkupuo, yaani 3,600. Hiyo kwangu ni pesa ya viazi na mafuta. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kulipa kwa awamu, na ni afadhali.

Nyota ya pili nimewanyima kwa sababu ya siri. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, CCC nyingi zinaunganishwa na kliniki za kawaida. Mimi sina neno. Lile benchi la pembeni la CCC lilikuwa linatuanika. Lakini kwenye hospitali niliyolazwa, karani wa mapokezi alipaza sauti: "Mama, wewe si wa CCC? Faili lako liko kule!" Watu wakageuka. Sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake, na karani yule sijui kama amewahi kuambiwa. Utasema hilo ni kosa la hospitali, si la bima. Sawa, lakini mgonjwa hatenganishi.

Sasa kuna mazungumzo ya kuingiza huduma za HIV ndani ya SHA, kwa kuwa wafadhili hawatakuwepo milele. Naunga mkono, ila ziingie mfuko upi? Zikiwekwa SHIF, mfuko wa wanaochangia, siku nikichelewa kulipa nitakosa kidonge, na virusi havingojei biashara ichangamke. Msimu wa mvua mimi huuza nusu ya kawaida. Ziwekwe kwenye mfuko wa afya ya msingi, unaolipwa na kodi na usiouliza nani amechanga. Mchango wangu umewahi kuchelewa. Dawa sijawahi kukosa.

Ukienda kujiandikisha, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mume na watoto wanaingia kwenye mchango huohuo, na usipowaandikisha mapema utakuja kuhangaika nao mlangoni mwa hospitali mtoto akiwa mgongoni.