Sponji ya kubandika au silikoni: baridi ya Juni Arusha

Ukitaka kuziba upenyo wa dirisha, angalia kwanza upepo unapita wapi. Kati ya fremu na ukuta, silikoni, ile gundi ya kuzibia, haina mpinzani: mrija wa mililita 300 hutoa mstari wa milimita 6 kwa takriban mita 10, nao hudumu miaka. Ila ukiipaka juu ya vumbi, itabanduka yote kama ganda. Kwenye sehemu ya dirisha inayofunguka, itaigandisha isifunguke tena. Hapo futa fremu kwa spiriti, bandika sponji. Hiyo hulala bapa baada ya msimu mmoja au miwili, lakini mpangaji anaibandua bila ugomvi na mwenye nyumba.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza lina matundu ya kutolea maji chini, usiyazibe. Na anayeota jiko la mkaa ndani asizibe chochote: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.