Sofa ya Keko, taa za Kariakoo: anzeni na taa jamani

Sofa ya L ya watu sita nimechongesha Keko, kule kwa mafundi wa fanicha Dar, ina miezi minne sasa, watoto wanairukia kila siku na haijabonyea hata kidogo. Wengi wanaiogopa Keko eti mafundi waongo, ila mi naona shida mtu anaenda na picha kwenye simu anauliza bei basi, haulizi ndani kuna nini, wakati sofa nje ni kitambaa tu, uhai wake uko ndani. Nilimwambia fundi kabla hujavalisha kitambaa niite nije nione, akasema "njoo tu dada, wengi huwa hawaombi". Nikaenda. Fremu ya paini kavu, kona zote zimewekewa vipande vya kukazia, vimepigwa gundi na skrubu sio misumari peke yake, mikanda imevutwa ikavutika, sponji ya kukalia ni ile nzito ya inchi 6. Sponji ijaribuni kwa kiganja, nzito inakusukuma na ukiachia inarudi palepale, nyepesi kiganja kinazama mpaka unagusa ubao.

Miguu na meza ya kati nikataka mninga. Bei iko juu kweli, lakini mninga uliokauka haupindi ovyo na mchwa hawausumbui, afu ile kahawia yake inayovuta wekundu hamna rangi ya kopo inayoifikia. Ila usikubali kuambiwa kwa mdomo "huu mninga", mwambie apige msasa kidogo chini ya mguu mbele yako, kama ni mbao nyeupe imepakwa rangi itajionyesha hapohapo.

Kilichoniudhi ni muda. Tulikubaliana wiki mbili zikawa nne, na ya zamani nilishaiuza, kwahiyo wageni wote mwezi ule tuliwakaribisha kwenye mkeka. Afadhali advansi nilitoa nusu tu.

Sasa taa, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Dari langu ni la jipsamu na fundi umeme alijaza taa nyeupe pee kila kona, mi nikaona poa tu, nyumba inang'aa. Siku kirikuu imeshusha sofa ilikuwa jioni, nikawasha taa nikataka kulia, kile kitambaa cha kijani ya zeituni nilichokichagua mchana juani kimekuwa kama kijivu, na mninga niliolipia hela yote ile umepauka kama ubao wa boksi. Nikampigia fundi wa sofa kwa hasira kwamba kabadilisha kitambaa. Asubuhi nafungua pazia, kijani changu hicho hapo. Nilimpigia tena kumwomba radhi.

Kumbe balbu zina namba kwenye boksi, ikifuatiwa na herufi K. Zangu zilikuwa 6500K, huo mwanga unavuta ubluu na unaua rangi zote za joto kama kahawia, nyekundu na njano. 3000K ni ya njano njano, 4000K iko katikati. Nikaenda Kariakoo na kipande cha kitambaa kwenye pochi, na yule kijana dukani Mungu ambariki, hakuninunia, alifunga balbu tatu tofauti kwenye ubao wake wa kujaribia, akawasha moja moja nikawa naweka kitambaa chini yake. 3000K ikashinda bila ubishi. Akanionyesha na namba ya CRI, ile inayosema balbu inaonyesha rangi kwa uhalisi kiasi gani, akasema chukua ya 90 kuliko ya 80 kama rangi ni muhimu kwako, bei inaongezeka kidogo lakini tofauti niliiona kwa macho yangu.

Nikachukua balbu nane za LED za wati 9, moja inatosha kama ile balbu ya zamani ya wati 60, na taa moja ya kusimama nimeiweka kwenye kona ya sofa. Nusu ya taa za dari nimezitenga swichi yake, usiku nawasha kidogo tu na sebule inatulia hadi mtu hataki kwenda kulala. Jikoni nimeweka 4000K, pale nataka kuona mchele una mawe au hauna.

Fundi wa sofa nampa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa kuchelewa. Duka la taa 9, moja nimekata kwa sababu waranti yao ni ya mdomo, hawaandiki kwenye risiti.