Maswali 650 ya kuandikia insha za maisha: maoni yangu baada ya kuyatumia darasani

Mwambie mwanafunzi aandike kisa cha maisha yake, atakujibu kwamba hana kisa. Ukimbana, ataandika ajali, msiba au siku ya matokeo ya mtihani, na ataanza na maneno aliyoyakariri: jua lilikuwa limechomoza, ndege wakiimba, siku hiyo sitaisahau maishani. Mimi ni mwalimu wa uandishi, na kwa tatizo hili hasa ndipo nilipoanza kutumia orodha ya The Learning Network, kitengo cha gazeti la The New York Times kinachohudumia walimu na wanafunzi. Kitengo hicho kilianza mwaka 1998, na orodha ninayoizungumzia, yenye maswali 650 ya masimulizi na maandishi binafsi, waliitoa mwaka 2016.

Nilichokipenda kwanza ni udogo wa maswali. Hayakuulizi maisha yamekufunza nini. Yanauliza mambo ambayo hata mtoto mkimya ana jibu lake: familia, jina, chumba unacholala, kitu ulichokithamini sana utotoni, vitu gani vinaweza kusimulia maisha yako. Yamepangwa kwa mada, kwa hiyo mwalimu hapotezi muda kutafuta.

Swali hilo la vitu nililipeleka darasani. Msichana mmoja, yule wa "mwalimu, mimi sina kisa", akaandika kuhusu ufunguo wa nyumba waliyohama. Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Ufunguo huu ni muhimu sana kwangu kwa sababu unanikumbusha utoto wangu." Sentensi safi, haina kosa, na haina kitu ndani. Nikamuuliza: mlipohama, kwa nini ufunguo haukurudishwa kwa mwenye nyumba? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimwambia baba umepotea." Nikamwambia aandike hivyo hivyo alivyosema, juu kabisa ya ukurasa. Aya zilizofuata alizitiririsha bila kuniuliza chochote: wapi aliuficha, baba alivyopekua mabegi, yeye alivyosimama kando akimtazama anatafuta. Neno "muhimu" halikurudi tena, na halikuhitajika.

Hapo ndipo ninapotaka walimu wenzangu wanielewe. Orodha hii inafungua mdomo wa mwanafunzi, na kwa hilo naisifu kwa moyo wote. Lakini swali lililochapishwa haliwezi kusikia jibu na kuuliza la pili, na kisa karibu kila mara kiko kwenye jibu la pili. Nani alikuwepo? Alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe? Wewe mikono yako ilikuwa inafanya nini? Kazi hiyo ni yako, na ni kazi tamu. Ukiwagawia tu karatasi na kurudi mezani kusahihisha, utapata majibu ya dodoso.

Maswali yameandikwa kwa Kiingereza, na mengi yamezaliwa na habari zilizotoka kwenye gazeti hilo. Mimi huyasema kwa Kiswahili kwa mdomo, kwa namna ninavyozungumza na darasa langu. Yanayohusu mambo yasiyo ya wanafunzi wangu nayaruka. Ukiyatafsiri neno kwa neno yanapoa.

Mbali na orodha, kuna mashindano yao. Mwaka 2019 walianzisha shindano la simulizi binafsi lenye kikomo cha maneno 600, na baadaye likaja la maneno 100 tu. Hilo la maneno 100 nimeligeuza zoezi la darasani, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwanafunzi mwenye nafasi ndogo kiasi hicho hawezi kumaliza mistari minne akielezea hali ya hewa. Anaingia ndani ya tukio moja kwa moja. Kwa wanaojiandaa kuomba vyuo vya Marekani, mazoezi haya yanawafaa vilevile: insha kuu ya Common App, fomu moja ya maombi inayotumwa kwa vyuo vingi vya huko, ina kikomo cha maneno 650, na wengi huijaza sifa zao badala ya tukio moja lililowapata. Mwanafunzi aliyezoea maneno 100 anajua kuchagua.

Ninaipendekeza kwa mwalimu wa sekondari, na kwa mzazi mwenye subira ya kusikiliza. Usimpe mwanafunzi maswali yote 650 kwa mpigo, atachagua lililo rahisi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Chagua matano, yasome kwa sauti, mwache asimulie kwa mwenzake kabla hajashika kalamu. Na yule mwenzake mwagize jambo moja tu: aulize pale asipoelewa.