Wiki ya farasi Chianti: mvinyo ni nyongeza tu

Kama unachotafuta Chianti, vile vilima vya mvinyo vya Toskana huko Italia, ni mvinyo, kodi gari au panda basi kutoka Firenze, uonje mpaka uchoke. Usilipie wiki ya farasi. Naanza na hilo kwa sababu matangazo ya safari hizi yana picha ileile: mtu katulia juu ya farasi katikati ya mizabibu, jua linazama, glasi mkononi. Mimi nimerudi na mapaja yaliyochubuka, na ningeambiwa nirudi kesho ningekwenda, ila si kwa ajili ya hiyo glasi.

Nilikwenda Septemba na mwenzangu wa Tanga ninayefanya naye kazi Ujerumani. Tulifikia kwenye shamba linalopokea wageni, kile Waitaliano wanachokiita agriturismo, kwenye vilima vya kati ya vimji vya Radda na Gaiole. Ilitugharimu kama euro 1,500 kila mmoja: malazi, chakula cha asubuhi na jioni, farasi na mwongozaji. Nauli ya kufika huko ni juu yako. Vyumba ni vya kawaida, kuta za mawe, maji ya moto yapo, intaneti ya kusuasua.

Kitu ambacho picha hazikuonyeshi ni kwamba Chianti ni msitu. Zaidi ya nusu ya eneo la Chianti Classico, kitovu cha zamani cha Chianti, ni miti, mialoni hasa. Mizabibu imekaa kwenye miteremko inayopata jua vizuri, na Septemba ndiyo mavuno yenyewe yanaanza, kwa hiyo kati ya mistari kuna wachumaji, matrekta na makreti. Nani atakuruhusu upitishe kwato humo? Isitoshe, mashamba mengi yamezungushiwa nyaya za umeme usawa wa magoti, kuwazuia nguruwe pori wasimalize zabibu, na farasi akigusa waya ule utajua mwenyewe. Sisi tulikuwa tunapita kando ya mashamba, kwenye zile barabara nyeupe za changarawe, kisha tunakata kuingia msituni. Na humo ndimo safari ilipokuwa tamu: ardhi laini, kivuli, na farasi mwenyewe analegeza shingo unahisi hata kwenye hatamu.

Kila asubuhi unamwandaa farasi wako mwenyewe. Usitegemee kukuta kafungwa tandiko anakusubiri. Nilipewa jike mmoja wa rangi ya kahawia iliyoiva, wa asili ya Maremma, upande wa pwani ya Toskana, mfupa mkubwa, mpole machoni na mjanja kupita kiasi. Unampiga brashi, unamwinua mguu mmoja mmoja na kuchokonoa mawe kwenye kwato kwa kichuma kilichopinda, kisha unamtandika. Sasa hapo kwenye kufunga mkanda wa tumboni ndipo alipokuwa na mchezo wake. Alikuwa anavuta pumzi anaijaza mbavuni, tumbo linavimba, nami nakaza mpaka jasho linanitoka nikidhani kazi imekwisha. Mwongozaji, mama mmoja mtu mzima asiyecheka ovyo, hakusema neno. Alimshika farasi akamtembeza hatua chache, jike akasahau akatoa pumzi, na mkanda ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Tukaongeza matundu mawili. Angetoka vile, tandiko lingezunguka kwenye mteremko wa kwanza nami nikaenda nalo.

Matandiko yenyewe ni ya mtindo wa wachunga ng'ombe wa Maremma, wale butteri: mapana, yenye kina, nyuma yameinuka, juu yametandikwa ngozi ya kondoo. Hatamu unazishika kwa mkono mmoja. Buttero anahitaji ule mkono wa pili kwa ajili ya fimbo yake ndefu ya kuswagia ng'ombe na kufungulia mageti. Sisi tulioanza ukubwani tuliutumia kujishikilia. Mwenzangu alikuwa na masomo machache tu ya kupanda, na siku ya kwanza aliniambia, "Dada, huyu farasi anajua kabisa kwamba naogopa." Na kweli alijua. Kila palipokuwa na jani la kijani alisimama akala, hata amkemee vipi.

Hapo ndipo nina ugomvi na wakala aliyetuuzia safari hii mtandaoni. Tangazo lilisema wanaoanza wanakaribishwa. Ukifika, unakuta masaa manne mpaka matano kwa siku juu ya tandiko, miteremko mikali ya mawe, na mwendo mrefu wa troti, ule wa haraka wa kurusharusha, ambao kama hujui kuinuka na kushuka nao unakusaga kiuno. Kuna wazee wawili, mtu na mkewe, waliokuja wakiamini tangazo. Waliishia kuzungushwa taratibu karibu na banda karibu wiki nzima, kwa bei ileile tuliyolipa sisi. Shamba halina kosa, mama yule aliwaambia wazi kwamba hawezi kuwahatarisha. Aliyedanganya ni muuzaji. Kabla hujalipa, mwandikie umuulize swali moja: kuna mbio za shoti, farasi akikimbia kwa kasi, au hakuna? Akikwepa kujibu, tafuta mwingine. Uliza na uzito pia, kwa kuwa wengi wana kikomo, na ni haki ya farasi.

Kitu kingine cha kuangalia ni baiskeli. Kuna tamasha la baiskeli za zamani, L'Eroica, linaloanzia Gaiole kila mwanzoni mwa Oktoba tangu 1997, na wiki za kabla yake waendeshaji wanajaa kwenye zilezile barabara nyeupe kujinoa. Trekta halimshtui farasi wa Chianti, amezaliwa nalo. Baiskeli inayotokea nyuma kimyakimya ndiyo inayomrusha pembeni. Mwongozaji wetu alikuwa akiwapigia kelele kwa Kiitaliano, na sikuhitaji mkalimani.

Chakula cha mchana kinaliwa njiani: jibini la kondoo, nyanya, na mkate wa Toskana ambao hautiwi chumvi hata chembe. Usiulize, ndivyo ulivyo miaka yote. Jioni ndiyo utafurahi, maana watu wale wanajua maharage, na supu yao ya mkate, maharage na kabichi nyeusi, ribollita, inarudisha nguvu zote. Mwenzangu hali nguruwe wala hanywi, alisema mapema, wakamheshimu vizuri tu. Siku walipokuwa wanakamua zabibu walimletea bilauri ya maji yake yaliyotoka kukamuliwa, hayajaanza kuchacha, matamu mpaka koo linawasha. Nikamwonea wivu.

Katika mapumziko mojawapo ndipo tuliposimuliwa habari ya jogoo mweusi aliyebandikwa kwenye kila chupa ya Chianti Classico. Wanasema Firenze na Siena walichoka kupigania mpaka, wakakubaliana kila mji utoe mpanda farasi, aondoke jogoo wa kwanza akiwika, na watakapokutana ndio mpaka. Siena wakamlisha jogoo wao mweupe akashiba. Firenze wakamfungia mweusi bila chakula, naye kwa njaa akawika usiku wa manane. Walikutana Fonterutoli, kilomita chache tu kutoka Siena, na karibu Chianti yote ikawa ya Firenze. Ni hadithi tu, lakini mwaka 1716 Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toskana, alitangaza kweli mipaka ya maeneo ya mvinyo, Chianti ikiwemo, na hiyo ni amri iliyoandikwa. Mimi nikiwa nimetoka kushuka kwenye tandiko nilimfikiria yule wa Firenze: ameshinda, sawa, lakini mapaja yake yalikuwaje?

Mvinyo tulionja jioni, farasi wakishafunguliwa na kulishwa, si kabla, na kwa hilo nawapa alama zote. Chianti Classico lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu aina ya Sangiovese, na ukiionja peke yake ina uchachu unaokunja uso kidogo. Ikipata nyama au jibini inakaa sawa. Mimi nimekulia Dodoma, zabibu si mgeni kwangu. Nilipomwambia mwenye shamba kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka alidhani namtania, maana mizabibu yake inapukutisha majani na kulala baridi nzima. Tuliongea hilo kuliko tulivyoongea mvinyo.

Ya vifaa nitasema kwa kifupi. Jinzi acha nyumbani, mishono yake ndiyo iliyonichubua. Nunua suruali ya kupandia, hata ya bei rahisi. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Helmeti wanazo, ila kichwa chenye nywele za kusuka nyingi kinaweza kukosa saizi, kwa hiyo suka bapa au beba yako. Kwa wanaotoka Nairobi au Dar, bima mnayodaiwa kwenye viza ya Schengen, ile ya euro 30,000, isomeni vizuri: nyingine hazigusi kabisa ajali ya kupanda farasi, na utakuwa juu ya farasi kila siku.

Shamba nalipa nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu ya intaneti. Wakala nampa moja. Usafiri wa kutoka stesheni, ambao tangazo lilisema umo ndani ya bei, haukuwemo. Tulilipa teksi euro 80, tukaandika malalamiko, na mpaka leo wamerudisha nusu. Safari ijayo tutamwandikia mwenye shamba moja kwa moja. Anajibu barua pepe usiku, akishamaliza mabanda.