JR Pass ya siku 7 Japani, nyota 3 kati ya 5

Wadau mnaopanga kuzunguka Japani kiangazi, hii pasi ya treni za JR (kampuni za reli za Japani), unalipa mara moja unapanda wiki nzima, msinunue kwa mazoea. Zamani ya siku 7 ilikuwa yen 29,650, Oktoba 2023 ikapaa mpaka 50,000, yaani sio utani. Sasa piga hesabu, Tokyo mpaka Kyoto kwa shinkansen (treni ya mwendokasi) ni kama yen 14,000 hivi, kwenda na kurudi haifiki hata 30,000, kwahiyo ukiishia hapo umetupa hela tu. Mimi ilinilipa sababu nilishuka mpaka Hiroshima nikarudi Tokyo halafu nikapanda tena Kanazawa, wiki hiyohiyo, na feri ya JR ya kwenda kisiwa cha Miyajima nayo imo ndani.

Kero ni Nozomi, ile shinkansen ya haraka zaidi, mpaka uongeze hela. Ila Hikari, shinkansen nyingine, haina shida, inachelewa kidogo tu, na AC yake jamani, maana Agosti kule ni joto la unyevunyevu kama Dar mwezi wa pili. Ukitoka Tokyo kaa siti E upande wa kulia uone mlima Fuji (kiangazi mawingu huwa yanaiziba, usinilaumu).

Katikati ya Agosti kuna Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, watu wanarudi kwao, treni zinajaa balaa. Buku siti mapema, kwenye pasi ni bure. Na begi likizidi sentimita 160 ukijumlisha pande zote, liwekee nafasi yake kabisa.