Duka la muvi Kansanga: nyota tatu, na malkia amekatikia njiani

Kuna kaduka ka kujaza muvi kwenye flashi hapa Kansanga, Kampala, kamepakana na muuza rolex (chapati ya kukunjia mayai), nimekuwa mteja tangu mwaka jana so acha niseme ukweli wangu. Bei poa, muvi 500, sizoni nzima 3,000, unaacha flashi unaenda kula rolex ukirudi tayari.

Wiki iliyopita nikamwambia kijana nipe za uchawi na mazimwi ambazo mwanamke ndo mkubwa. Akajaza mpaka ikajaa. Mimi na mdogo wangu tumekesha wikendi nzima na tumechoka, yaani mwanamke akipata nguvu lazima anyang'anywe kitu! Maleficent (2014) ananyweshwa dawa na yule yule aliyempenda, anaamka mabawa hayapo, ile kelele aliyopiga mdogo wangu alizima sauti. Daenerys wa Game of Thrones naye ili apate dragoni watatu inabidi mtoto na mume watangulie kufa. Na msiniambie ni mambo ya wazungu, Nambi wetu wa hadithi ya Kiganda aliacha mbingu ya baba yake akamfuata Kintu mwenye ng'ombe mmoja, na lawama za kifo mpaka leo ni zake eti alirudi kuchukua ulezi wa kulisha kuku, kaka yake Kifo akamfuata.

Sasa shida. Episodi ya mwisho ya Game of Thrones, ya 2019, faili imekatika. Daenerys anakipapasa kile kiti kwa vidole, Jon anaingia, wanaongea, VJ, yule anayetafsiri muvi kwa sauti, anamwaga Kiganda chake, paa, skrini nyeusi. Jumatatu nikarudi na hasira, kijana anacheka, "nyabo hapo ndo pazuri pa kuishia, mbele utalia." Nimelipia mpaka kilio bwana! Akaniwekea upya bure, hapo nampa hongera. Nikamuuliza unayo ambayo mwanamke anabaki na nguvu, watoto na akili zake timamu? Akazungusha mausi juu chini weeee, mwisho akanipa katuni.

Mdogo wangu amegoma kuangalia kipande kilichobaki, anasema kwake Daenerys bado yuko pale na kiti chake.

Nyota ya nne nimeizuia sababu ya virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati na picha za harusi ya dada zilikuwa humo humo. Mkienda bebeni flashi tupu, na mwende kabla ya saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo foleni ya mpira haina huruma.